Hajiri Alikuwa Nani kwa Sara?

3 Februari

Kaka,

"Mtoto wa miaka kumi ana haki ya kupewa hadithi isiyomwumiza." Hayo ni maneno ya jopo lenu, kwenye mwongozo wa mwalimu, ukurasa wa nne. Nitayajibu. Lakini nikianza ugomvi kabla ya salamu utasema sina adabu, na hapo utapata pa kujifichia. Kwa hiyo: hujambo? Wifi hajambo? Wanao waambie shangazi yao anawasalimu. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, magoti ndiyo yanamsumbua, na masikio yamebaki kusikia anachotaka tu. Bati la jikoni limezibwa, sasa linavuja upande mwingine.

Haya, tuje kwenye haki ya mtoto.

Vitabu vyenu vimefika Jumatatu, kumi na sita kwa watoto arobaini na wanane. Watoto watatu kwa kitabu kimoja: wa katikati anasoma, wa pembeni wanasoma shingo zimepinda. Nimefungua somo la tisa. Nimekuta Hajiri "alikuwa dada wa kazi nyumbani kwa Sara." Nimekuta akajifungua mtoto, haielezwi wa nani, kana kwamba mimba ni mafua. Na nimekuta kwamba siku moja "aliagana na familia, akaondoka na mwanawe kwenda kuanza maisha mapya." Na picha ipo. Anapunga mkono. Kaka, anapunga mkono, na anatabasamu!

Mwaka huu ni wa ishirini na tatu nafundisha Maandiko. Nimewafundisha watoto gharika. Nimewafundisha habari za ndugu waliomtupa ndugu yao shimoni, kisha wakakaa chini wakala. Sijaona mtoto aliyeumizwa na hadithi hizi. Waliokuja wameumia waliumia huko huko nyumbani, na kwenye hadithi wakakuta mwenzao. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba wakubwa ni wema. Anaishi nao, anawajua. Anachohitaji ni kusikia kwamba wakubwa walipofanya walichofanya, kuna aliyeona. Ukiondoa kufukuzwa, ukiondoa jangwa, ukiondoa maji kuisha, yule malaika anakuja kufanya nini? Kusalimia?

Wewe ndiye katibu wa jopo. Nataka jambo moja tu: nani aliandika somo la tisa? Niambie, nimwandikie mwenyewe, nisikusumbue.

Mdogo wako,
Chiriku

27 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako nimeipata ikiwa bado ya moto, nusura iunguze meza. Wifi yako amecheka, anakusalimu. Kitinda mimba wetu ameota meno ya mbele, sasa anang'ata kila kitu; nimemwambia mama yake huyo amemrithi shangazi. Ofisini wametuhamishia ghorofa ya tatu, watu wanne chumba kimoja, dirisha halifunguki, tunapumua kwa zamu. Mwambie Mama nitakuja nikipata nafasi. Magoti ayakande kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa somo la tisa. Kitabu cha jopo hakina mwandishi, kina jopo. Tulikaa vikao vitatu juu ya neno moja. "Mjakazi" ni neno la kudhalilisha, na watoto wa leo hawalitumii. Tulipokea malalamiko: mzazi mmoja alisema mwanawe alitoka shuleni na kitabu cha zamani, akaingia jikoni na kumwita binti wa watu mjakazi. Ungependa hivyo? Siku hizi watu husema dada, na kusema dada ni heshima. Tulitafuta neno la kumpa yule mwanamke utu wake. Kama kumheshimu mtu ni dhambi, nionyeshe ilipoandikwa.

Nakujua. Ukishika kitu huachii, tangu siku ile ulipomng'ata daktari wa meno. Fundisha somo kama lilivyo. Ni dakika arobaini tu. Kisha pita, nenda la kumi. La kumi lina kisima na ngamia, watoto watalipenda.

Jingine, ni dogo tu. Usimsumbue Mama na hadithi hii. Amezeeka, anachanganya mambo.

Kaka yako

14 Aprili

Kaka,

Natumaini mnapumua. Huku hatujambo. Mama nimemwambia umemsalimu, akauliza, "Huyo bado yupo?" Nikasema yupo. Akasema vizuri. Jirani wa kushoto ameozesha binti, tumekula wali siku mbili. Uliniambia nisimsumbue Mama na hadithi ya Hajiri. Wala sikuwa na wazo hilo, kaka. Ni wewe uliyenipa.

Lakini nianze na mtihani wa katikati ya muhula, ulioletwa na ofisi yenu ukiwa umeshachapwa. Swali la tatu: Hajiri alikuwa nani kwa Sara? Jibu kwenye mwongozo wa kusahihishia: dada wa kazi. Watoto wangu kumi na tisa wameandika: "Alikuwa dada yake." Kumi na tisa! Mmoja ameongeza bila kuulizwa: "Wakagombana kwa sababu ya mume." Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu mpaka mwalimu wa hesabu akasogeza kiti chake.

Siku ya pili nikamsimamisha yule wa mbele, tunamwita Wakili kwa sababu hashindwi kesi.

"Nani amekuambia Hajiri ni dada yake Sara?"

"Kitabu, Mwalimu."

"Kitabu kimesema dada wa kazi."

"Ndiyo. Dada."

"Dada wa kazi si dada, mwanangu."

"Kwetu yupo, Mwalimu. Nikimwita 'wewe' mama ananigombeza. Anasema sema dada, huyu ni dada yako." Akafikiri kidogo. "Sasa ni dada yangu au si dada yangu?"

Kutoka nyuma sauti ikasema, "Kama ni dada yako, mbona analala jikoni?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Ndicho ninachouliza," akasema, akaketi.

Nikawapigia tiki wote kumi na tisa, kwa sababu walisoma kilichoandikwa wakakiamini, na mtoto aliyekiamini kitabu hastahili kukosa. Mwalimu Mkuu akaniita. "Mwongozo unasemaje?" Nikamwambia, "Unadanganya." Akasema, "Mwalimu, sijakuuliza ukweli, nimekuuliza mwongozo." Ametaka nifute zile tiki niweke makosa. Nimekataa. Ameandika barua kwenu.

Sasa Mama. Jumamosi nilikuwa nafua mashuka uani, yeye ameketi kwenye kigoda ananisimamia. Nikamsimulia maneno ya Wakili kama kichekesho. Hakucheka. Akasema, "Hata yule wetu wa kazi alikuwa dada yenu kweli. Baba yenu alimzaa kabla hajanioa." Halafu akaniambia maji yamechafuka, nibadilishe.

Nilikuwa na miaka saba alipoondoka. Ninachokumbuka ni mgongo wake, maana alinibeba mpaka nikamshinda uzito, na harufu ya sabuni ya kipande. Niliambiwa amepata kazi nzuri zaidi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, na wewe ndiye uliyembebea mfuko hadi kituo cha basi. Ulijua?

Niandikie neno moja tu. Ndiyo, au hapana.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kukawia. Wifi yako alikuwa na mafua makali, sasa nafuu. Tumepaka rangi sebule. Watoto wamefunga shule, nyumba haikaliki.

Mama ana miaka themanini na miwili. Nilipokuja mara ya mwisho alidhani mimi ni marehemu baba, akanigombeza kwa kuchelewa kurudi. Maneno aliyoyasema pembeni ya beseni la kufulia usiyafanye ushahidi.

Barua ya Mwalimu Mkuu imefika. Nimeiweka chini ya nyingine, lakini haiwezi kukaa chini siku zote. Wanataka uondolewe darasani upelekwe ghala la vitabu, na ghala unalijua lilipo: saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Mama atashinda na nani? Badilisha alama kumi na tisa. Andika mistari miwili, sema ulipitiwa. Hakuna mtoto atakayekufa kwa kukosa alama moja. Hayo mengine niachie mimi.

Nakuomba.

Kaka yako

19 Julai

Kaka,

Wifi pole kwa mafua. Mama mzima. Hiyo sebule ni rangi gani? Hukusema. Yako mengi hukuyasema.

Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanijibu rangi. Nikarudi kwa Mama nikamuuliza yule yuko wapi. Akajibu upesi, kama mtu anayeelekeza duka: "Anafua mashuka hospitali kubwa, kule bondeni. Muulize kaka yako." Nikamuuliza kwa nini alimfukuza. Akasema, "Nilimlea miaka tisa. Nani mwingine angemlea?" Halafu masikio yakaziba tena.

Nimekwenda. Mlinzi wa getini akauliza namtaka nani. Nikasema, dada mmoja anayefua. "Dada nani?" Kaka, nikabaki mdomo wazi, mimi mnayeniita Chiriku. "Mama, hapa madada wako sitini. Jina lake nani?" Sikuwa na jina. Nilikuwa na mgongo na sabuni. Nikamwambia ni mrefu, paji lake la uso kama hili langu. Akanitazama usoni akacheka. "Aa, yule! Zunguka nyuma, fuata mvuke."

Nilimkuta kwenye meza ndefu, mashine mbili zinanguruma ukutani, anakunja shuka peke yake, ncha moja ameibana kwa kidevu. Nikaenda nikashika ncha nyingine. Tulikunja mashuka kama kumi hivi, tunakutana katikati, tunaachana. Mwisho akasema, "Umenenepa. Leo ungenivunja mgongo."

Nikamweleza habari za kitabu. Akauliza, "Na huyo mwanamke wamemwitaje?" Nikasema, dada wa kazi. Akaweka shuka chini.

"Bora wangemwita mjakazi," akasema. "Mfanyakazi ana mshahara. Dada ana chumba. Mimi sikuwa na kimoja, na kila nikitaka kudai, neno lenyewe linaniziba mdomo. Nikitaka mshahara: wewe si dada? Nikitaka chumba: wewe si wa kazi?"

Aliondoka kwa sababu ya mgeni. Mgeni alikuja kula kwetu, akamsifu baba mbele ya watu: huyu binti yako amekutoa kama picha. Alimwonyesha yeye, aliyeshika sinia. Asubuhi mfuko ulikuwa mlangoni. Ibrahimu alikuwa na makosa yake, lakini aliamka alfajiri akampa Hajiri mkate na maji kwa mkono wake mwenyewe. Baba yetu, mzee wa kanisa, alijifungia chumbani akamtuma mtoto wa miaka kumi na minne.

Nikamwambia sikujua chochote. Akashangaa. "Kaka yako hakukuambia? Huja kila mwaka. Ananiletea miwani. Anakaa kwenye hilo benchi, ananiita dada, analia kidogo, anawahi basi."

Kila mwaka, kaka.

Nikamwambia nitawasimulia watoto habari zake, wajue. Hapo ndipo alipokasirika. "Usinifanye somo. Dada nimekuwa, wa kazi nimekuwa. Somo sitaki." Nimemwahidi. Sitasema darasani wala mbele ya Mwalimu Mkuu. Nakuandikia wewe, uliyejua.

Na nani aliandika somo la tisa, sikuulizi tena.

Mdogo wako

8 Agosti

Mdogo wangu,

Kwetu wote wazima. Rangi ni ya maziwa, na imeanza kuchafuka.

Ni mimi. Baba alipokufa nilimtafuta dada, na sasa ni miaka kumi na minane nakwenda. Sikukuambia kwa sababu ungepiga kelele, na kelele zako zingefika kwa Mama, na kwa kanisa, na kwa wifi yako ambaye mpaka leo hajui ninakopeleka miwani. Unaona, nakujibu.

Somo nililiandika kwa mkono wangu, ofisini, wenzangu wakila. Kwanza niliandika mjakazi. Nikalifuta, kwa sababu kila nikilisoma niliona sinia. Nikaandika dada, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita, nikadhani namrudishia kitu. Na ile picha unayoicheka, Chiriku, sikuitunga. Pale kituoni alinipungia mkono. Alitabasamu, nakuapia. Nimekua na lile tabasamu, nimeoa nalo, nimekuwa mtu mzima nalo. Mwaka jana, kitabu kimeshakwenda kuchapwa, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile. Akasema, "Nilikuwa nakufukuza uende, usinione nikilia."

Basi. Sikukisimamisha kitabu. Ningeulizwa nina sababu gani.

Jopo linakutana tarehe tano Septemba, na ajenda ni wewe. Nikisema sentensi moja tu, kwamba swali la tatu lina kosa na kosa ni letu, unabaki darasani. Nikiisema wataniuliza nimelijuaje leo na si mwaka jana. Nimeijaribu mbele ya kioo. Mara hii sikudanganyi: sidhani kama ninayo hiyo sentensi. Badilisha alama, mdogo wangu. Sitakuomba tena.

Kaka yako

30 Agosti

Kwa wajumbe saba wa jopo la vitabu vya dini, kwa mkono wa katibu, ambaye ni kaka yangu na atawasomea kwa sauti kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Nawasalimu nyote, pamoja na watu wa nyumbani kwenu, pamoja na yule aliyewapigia pasi shati mlilovaa leo. Mama yangu hajambo. Nimeshaongea na jirani ashinde naye mchana, kwa sababu kura zenu nazijua kabla hamjazipiga. Mtaniondoa kwa watoto arobaini na wanane mnipeleke nikahesabu maboksi. Haya.

Alama sibadilishi. Mmenituhumu kwamba nimewapa watoto tiki kwa jibu la uongo. Jibu ni la uongo, ndiyo, lakini uongo si wao. Wao ni wasomaji wazuri. Wamewasoma ninyi kuliko mlivyotaka kusomwa. Mliwaambia dada, wakaandika dada. Mlitaka waelewe kwamba dada huyo si dada, na kwamba mtu mzima mwenye adabu hulijua hilo bila kuambiwa. Huo ndio ujuzi mnaoupima katika swali la tatu. Mimi sifundishi ujuzi huo.

Mnasema mmempa Hajiri utu. Rudini kwenye Maandiko, yale yenyewe, mkatafute ni wapi Sara alimwita kwa jina lake. Hakuna. Ni wapi Ibrahimu, aliyezaa naye, alimwita kwa jina. Hakuna. Kwao ni mjakazi tangu mwanzo mpaka mlangoni. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, na alimkuta jangwani. Wazee wale walioandika hawakuficha aibu ya baba yao. Waliiandika kama ilivyokuwa, wakaiacha isomwe na kila mtu. Ninyi mmekuja baadaye, na kalamu nzuri na chai ya saa nne, mkamfanyia Hajiri yale yale kwa neno tamu zaidi. Neno "mjakazi" linamuuma mtoto, kweli. Linamuuma mahali panapostahili kuuma, akienda nyumbani akaangalia mlango wa jikoni. Lirudisheni. Andikeni kwamba alifukuzwa. Andikeni mtoto alikuwa wa nani.

Na kabla hamjapiga kura, wajumbe, kila mmoja achukue karatasi aandike jina la binti anayefua kwake. Msiandike dada. Andikeni jina lake na la baba yake. Mimi sijitoi: la wa kwetu nimelijua Julai hii, na nina miaka arobaini na tisa. Asiyelijua asinipigie kura. Arudi kwanza nyumbani akaulize.

Na wewe, katibu, usikae chini. Karatasi unayo, kalamu unayo, jina unalijua. Anza wewe. Andika lake, kisha andika la baba yake, uwasomee.

Mwalimu wa darasa la tano